Ugomvi Tuliumaliza, Madodoso Tukayaondoa

Kwetu Tanga mtu akikosana na jirani yake hakosi wa kuwapatanisha. Atatokea shangazi, atatokea mzee wa msikitini, atatokea hata muuza kahawa ambaye wote wawili wamezoea kunywa kwake, na kabla jua halijatua litakuwa limeshatamkwa lile neno la kufunga shauri: yaishe. Nimelelewa katika desturi hiyo, Makorora, na sina nia ya kuisema vibaya, kwa sababu nimeona ndoa, udugu na biashara vikiokolewa nayo. Lakini mwaka wangu wa tatu wa chuo kikuu ulinikutanisha na jambo ambalo desturi hiyo iliweza kulimaliza nusu tu, na nusu iliyobaki ilinifundisha habari ya uadilifu wa kitaaluma kuliko kile kijitabu cha kanuni tunachogawiwa wiki ya kwanza, ambacho wengi hukitia sahihi bila kukifungua.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti wa vikundi. Kikundi chetu kilikuwa na watu wanne, na kwa kuwa mimi ni mwenyeji wa hapa, tulikubaliana kuchunguza mapato ya wavuvi wa dagaa na ya kina mama wanaowanunulia, katika diko la Sahare, yaani mahali mashua zinapoteremshia samaki, na soko la samaki la Deep Sea. Tuliandaa madodoso 120, yaani karatasi za maswali ya kuwahoji watu, kila mmoja akachukua 30.

Asiyewahi kufanya kazi ya namna hii hudhani kwamba mwenye kalamu na karatasi amekamilika. Barua ya chuo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka Halmashauri ya Jiji, ikafika kwa mtendaji wa kata, kisha wa mtaa, na mwisho kabisa kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha hapo ufukweni, ambacho wavuvi wenyewe hukiita BMU, na ambacho kinaweza kukurudisha ulikotoka, hata uwe na mihuri yote ya serikali, endapo hukuwasalimia watu inavyopasa. Juu ya hayo kuna ridhaa. Kila tuliyemhoji tulimweleza kwamba jina lake haliandikwi, kwamba anaweza kukataa swali lolote, na kwamba karatasi yake haitaonyeshwa kwa mtu asiyehusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imeanza kutumika Mei 2023, na msimamizi wetu hakuwa mtu wa kuichukulia kama pambo.

Mwenzetu mmoja alikuwa amefanya kazi ya ukarani katika Sensa ya mwaka 2022, naye alitushikilia tuandike makubaliano yetu kwenye daftari: nani anakusanya nini, wapi na lini, dodoso lijazwe mbele ya anayehojiwa, lisijazwe nyumbani kwa kukumbuka, tarehe na saa ziandikwe papo hapo, na mwenye shida aiseme kabla ya siku ya mwisho. Wengine walimwona ana makuu. Kwa maoni yangu hakuna kikundi cha wanafunzi kinachopaswa kuanza kazi bila daftari kama lile, kwa sababu ugomvi mwingi wa kazi za vikundi hautokani na ubaya wa watu bali hutokana na ahadi ambazo kila mmoja alizisikia kwa namna yake.

Kazi ya kuingiza majibu kwenye kompyuta iliniangukia mimi, na hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti. Madodoso ya watu watatu yalikuwa na sura ya mahali yalikotoka: pembe zimejikunja kwa unyevu, moja lina gamba la samaki lililogandia karibu na swali la nne, majibu yamekatwa na kuandikwa upya, na nafasi nyingi zimejazwa "hajui" au "hakutaka kusema", hasa penye swali la madeni. Ya mwenzetu wa nne yalikuwa masafi. Yalijazwa kwa wino mmoja kuanzia la kwanza hadi la mwisho, hakuna swali lililorukwa, wala hakuna mvuvi hata mmoja aliyeona haya kutaja deni lake. Wavuvi wetu walipoulizwa ndoo walizopata walitaja hesabu za mkupuo, kumi, ishirini, thelathini; wa kwake walitaja 17, 23 na 26, kama watu waliokuwa na mhasibu ndani ya mashua.

Usafi peke yake si ushahidi, maana wako watu wenye hati nzuri na mifuko ya plastiki. Kilichonishtua ni tarehe. Madodoso yake mengi yalionyesha kwamba wavuvi walihojiwa alfajiri, wametoka baharini, katika siku ambazo mwezi ulikuwa mpevu, na kila mmoja alikuwa ametaja ndoo za dagaa alizopata usiku uliotangulia.

Mjomba wangu alivua dagaa enzi za karabai, kabla ya hizi taa za jenereta na betri. Sikuweza kumwonyesha karatasi, kwa ile ahadi tuliyowapa watu, kwa hiyo nilimuuliza swali kavu.

"Shikamoo, Mjomba. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hupatikana?"

"Marahaba. Kwani unataka kwenda kuvua?" Alinicheka. "Mwezi ukijaa taa yako itamwita nani? Dagaa wametawanyika bahari nzima. Siku hizo watu wanashona nyavu na kulala na wake zao."

Maelezo yake ni yale yale ambayo mtu yeyote wa pwani atakupa. Dagaa hufuata mwanga, na taa ya mashua huwakusanya kwa sababu kila mahali pengine ni giza. Mbalamwezi ikiwaka kila pahali, taa haina la kuwaambia. Ndiyo maana wavuvi huhesabu kazi yao kwa giza na mwezi, na siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu mashua nyingi hupumzika. Kwa siku hizo diko la Sahare lisingeweza kuwa na wavuvi wa dagaa wengi kiasi kile wanaoteremsha ndoo alfajiri.

Karani wa sensa nilipomwonyesha alitaka kuandika hapo hapo kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilimzuia, na katika mambo yote ya mkasa huu hilo ndilo ninaloliona kuwa na thamani zaidi kwa mwanafunzi anayenisoma. Tuhuma ikishatupwa kundini haina wa kuirudisha: itapigwa picha, itapelekwa kundi la darasa, na hata ikija kuonekana kwamba mtu hana kosa, jina lake litakuwa limeshatembea mabweni yote. Isitoshe, palikuwa na njia za halali za kulieleza jambo lile. Huenda aliandika tarehe ya siku aliyonakili vizuri karatasi zilizolowana. Huenda wavuvi walijibu kuhusu safari yao ya mwisho, si ya jana yake. Anayeuliza kabla ya kushtaki hapotezi kitu. Anayeshtaki kabla ya kuuliza amejifungia njia ya kurudi.

Nilikutana na mwenzetu wa nne peke yangu katika mgahawa mmoja wa Barabara ya Nane, Ngamiani, saa za mchana ambapo watu ni wachache.

"Nisaidie jambo moja," nilimwambia. "Hawa wa tarehe hizi ulihoji diko gani?"

"Sahare."

"Walikuwa wametoka kuvua?"

"Ndiyo, walikuwa wametoka."

"Mwezi ulikuwa mpevu."

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. Kisha akasema, "Dada, kumi za mwanzo nilihoji kweli, Wallahi. Zilizobaki nilijaza mwenyewe. Lakini tazama, majibu si yanafanana? Kila mtu analia mafuta, kila mtu analia bei. Nimewaandikia yale yale ambayo wangesema."

Sababu zake zilikuwa za kweli, na nazitaja kwa kuwa si haki kumchora kama mhuni. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limechelewa, nyumbani kwao walikuwa wanamtegemea, na alikuwa akiendesha bodaboda ya mtu kutoka stendi ya Kange ili apate cha kutuma. Alfajiri, wakati mashua zinafika, ndiyo saa ya abiria. Angalitueleza tungaligawana dodoso zake, tena bila manung'uniko, maana daftari lilisema hivyo. Hakusema kwa sababu ya haya, na haya imewaponza wanafunzi wengi kuliko uvivu.

Hata hivyo, lile dai lake kwamba aliandika ambayo wangesema ndilo lililonikaa moyoni, kwa kuwa ndani yake kuna kosa zima. Katika madodoso ya kweli kulijitokeza jambo ambalo hatukuwa tumelitungia swali. Kina mama kadhaa, wakijibu swali la bei, walieleza kwamba wao ndio wanaompa nahodha fedha ya mafuta jioni, na kwamba bei ya ndoo hupatanwa hapo hapo, kabla mashua haijafunguliwa kamba. Wenzangu waliyaandika maneno hayo pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo, kwa kuwa hapakuwa na nafasi yake. Maana yake ni kwamba kilio cha bei tulichokisikia kwa wavuvi hakikuwa kilio cha soko peke yake. Kilikuwa kilio cha deni. Katika dodoso alizojaza mwenyewe jambo hilo halimo hata moja. Haliwezi kuwamo, kwa sababu mtu anayebuni majibu hurudisha kile ambacho alikijua tangu mwanzo, na kama tunakijua hatukuwa na sababu ya kuwasumbua watu alfajiri.

Wakubwa pia wameanguka hapo. Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, alikuwa akidai kwamba hojaji zake zimejazwa mashuleni na kwingineko, kumbe takwimu nyingi alizitunga mwenyewe. Alifichuliwa mwaka 2011, na walioanza kumtilia shaka walikuwa watafiti vijana waliokuwa chini yake. Makala zake zaidi ya 50 zimefutwa katika majarida. Msimamizi wetu alipotusimulia habari hiyo baadaye, aliongeza kwamba matokeo ya Stapel yalipendwa kwa sababu yalikuwa yakisema jambo ambalo wasomaji walishakuwa tayari kuliamini.

Jioni ile tulikaa kikundi kizima kwenye baraza ya nyumba ya shangazi yangu, na mhusika mwenyewe akiwapo, kwa kuwa nilikataa tumzungumze akiwa hayupo. Karani wa sensa alitaka aripotiwe kesho yake na atolewe kikundini. Mwenzetu wa tatu, mpole wa tabia, alisema yaishe: tuseme ni 120 kama tulivyopanga, hakuna mvuvi atakayeumia, na mwenzetu asije akadisko, yaani akaondolewa masomoni, akiwa amebakiza muhula mmoja. Shangazi, aliyekuwa akisikia yote kutoka ukumbini, aliunga mkono upande huo bila kuulizwa. "Mwanangu, mtoto wa mwenzio usimharibie," aliniambia. "Leo yeye, kesho wewe."

Shangazi alikuwa na haki kwa sehemu. Baina yetu na yule kijana palikuwa na ugomvi wa kweli: alitudanganya, alituacha tuamke alfajiri peke yetu, na alikula hela ya nauli iliyotoka mfukoni mwa kikundi. Hayo ni yetu. Aliyekosewa ni sisi, na mwenye haki ya kusamehe ni sisi. Aliomba radhi mbele yetu, akaahidi kurudisha ile nauli bumu likitoka, na karani wa sensa, ambaye hasira yake ndiyo iliyokuwa kubwa, alimpa mkono. Yakaisha, na kwa hakika yaliisha. Hakuna aliyeyafufua tena.

Madodoso hayakuwa yetu. Yalibeba ahadi tuliyowapa wavuvi, sahihi tuliyompa msimamizi, na imani ya mtu tusiyemjua ambaye siku moja angeifungua ripoti ile akitafuta mapato ya mvuvi wa dagaa Tanga. Sisi wanne hatukuwa na mamlaka ya kusamehe kwa niaba yao. Nilipolisema hilo barazani lilipokewa kwa ukimya, si kwa kukubaliwa, na tulibishana mpaka chakula kikapoa.

Ubishi mgumu zaidi ulikuja pale alipoomba zile kumi za mwanzo zibaki. Pengine zilikuwa za kweli. Tarehe zake zilikuwa za giza, na mbili kati yake zilikuwa na neno "hajui". Karani alipendekeza tuzichuje kwa tarehe. Mwishowe tulikubaliana kuziondoa zote 30, kwa sababu uthibitisho pekee tuliokuwa nao ni neno la mtu aliyekuwa ametoka kutudanganya, na msomaji wa ripoti hana namna ya kumtazama usoni akapima. Iliniuma, na bado naona kwamba huenda wavuvi kumi walipoteza sauti yao bila kosa. Lakini takwimu ambayo ni lazima mtu aitetee kwa kiapo si takwimu tena.

Tukaamua ripoti iandikwe kwa madodoso 90, na katika sura ya mbinu za utafiti pawe na aya inayosema wazi kwamba 30 yameondolewa kwa kuwa hayakukusanywa kwa utaratibu uliokubaliwa. Ilikuwa dhahiri kwamba msimamizi atauliza. Kanuni za chuo chetu zilimhesabu pia anayejua udanganyifu akaunyamazia, kwa hiyo tulimpa mwenzetu hadi Ijumaa aende mwenyewe. Baada ya hapo tungekwenda sisi. Alikwenda Alhamisi, na barua mkononi.

Watu wengi huogopa kamati za nidhamu kwa sababu hawajui zinavyofanya kazi, na ujinga huo huwafanya ama wakimbilie kuhonga ama wakubali kila kitu ili mradi mambo yapite. Mwanafunzi anayetuhumiwa anastahili kuelezwa tuhuma zake kwa maandishi, kupewa muda wa kujiandaa, kusikilizwa kabla ya uamuzi, na kukata rufaa. Hayo si hisani ya mkuu wa chuo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya mwaka 1977 inataja haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pamoja na haki ya rufaa. Rafiki yetu aliyekuwa akisoma sheria alimsaidia mwenzetu kupanga maelezo yake, nasi hatukuliona hilo kuwa usaliti. Sisi tulioitwa kama mashahidi tulielekezwa tuseme tulichokiona na tuache kubashiri. Niliwaeleza habari ya tarehe na mwezi. Mjumbe mmoja, mtu wa bara kwa lafudhi yake, aliomba nimwelezee mara ya pili kwa nini mwezi unamhusu dagaa.

Kabla ya kikao hicho kaka wa mwenzetu huyo alikuja kutoka Pangani kwa basi la asubuhi. Alikuja kwa adabu zote, akamsalimia shangazi, akakataa kiti mpaka alipohimizwa, akaeleza jinsi walivyouza mbuzi kumpeleka mdogo wake chuo. Kisha akaniomba jambo moja dogo: niiambie kamati kwamba madodoso yalilowa kwa mvua.

"Kaka," nilimwambia, "kwa upande wetu yameisha, na hata mbele ya kamati nitasema kwamba amekiri mwenyewe, na kwamba maswali mazuri kuliko yote ya dodoso letu aliyatunga yeye. Hayo ni kweli na nitayasema kwa moyo mmoja. Lakini kulowa, hayakulowa."

Hakukasirika. Alikaa kidogo, akaniuliza kama mdogo wake atafukuzwa, nikamwambia hilo silijui. Shangazi alimfungia maandazi ya njiani, naye baada ya kuondoka yule mgeni hakusema nami mpaka usiku. Uamuzi ulipotoka, mwenzetu alipewa sifuri katika somo lile na kutakiwa kulirudia mwaka uliofuata. Hakufukuzwa, na naamini kwamba ile barua ya Alhamisi ilimfaa kuliko ushahidi wetu wote.

Tulipobaki watatu ulizuka mvutano mwingine, mdogo, ambao nautaja kwa kupita tu. Mwenzetu mpole ndiye aliyekuwa na Kiingereza kizuri, akaiandika ripoti karibu yote, akaona jina lake litangulie. Tuliumaliza kwa kuongeza ukurasa mmoja unaoeleza nani alifanya kipi, kuanzia kutunga maswali, jambo lililompa nafasi hata yule aliyeondoka, hadi kuhariri. Msimamizi aliupenda ukurasa huo kuliko tulivyotarajia.

Ripoti ilipopitishwa kwenye Turnitin, programu ya kukagua mfanano wa maandishi, ilirudi na asilimia ndogo, na wenzetu wa darasani walitupongeza kana kwamba tumeshinda kesi. Hapo pana hadaa ambayo wanafunzi wengi, na baadhi ya wahadhiri, hawajaitambua. Programu ile hulinganisha maneno yako na hazina yake ya maandishi, ikatoa kiwango cha mfanano. Haijui kama umeiba wala kama umesema kweli. Ripoti yetu ingebaki na dodoso 120, pamoja na zile za uongo, ingepita vizuri vile vile, kwa kuwa uongo uliobuniwa ni maandishi mapya kabisa yasiyofanana na ya mtu. Ni hivyo hivyo kwa kazi za kuandikiwa zinazouzwa katika vibanda vya kuchapa karibu na vyuo, na kwa programu za akili unde, ambazo hukuandikia sura nzima na kuiwekea marejeo ya vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Nazo pia hubuni yale ambayo watu wangesema.

Nisieleweke kwamba kila kitu kinachotokea chuoni kina nusu ya kusuluhishwa barazani. Mhadhiri anayemwambia binti kwamba alama zake zitaonekana akikubali kukutana naye jioni hana ugomvi na binti huyo. Anatenda jinai, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kwa uwazi. Nimesikia wazee wenye nia njema wakitaka mambo hayo nayo yazungumzwe kifamilia, ili binti asiaibike. Mahali pake ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ni dawati la jinsia pale lilipo, na aliyekwenda huko asiulizwe kwa nini hakunyamaza.

Mwenzetu alirudia somo, na safari hii alichagua kuwahoji madereva wenzake wa bodaboda wa Kange, watu aliokuwa akiwajua saa zote za siku. Alinipigia kuniuliza namna ya kuandika fomu ya ridhaa, nami nikamtumia yetu.

Nakala ya ripoti yetu tuliipeleka Sahare kama tulivyoahidi. Katibu wa BMU aliruka kurasa zote za nadharia, akaenda moja kwa moja kwenye jedwali la mapato, akauliza kwa nini waliohojiwa ni 90 ilhali barua yetu ilisema 120. Tulimweleza bila kumtaja mtu. Alitafuta ile barua kwenye faili lake, akaisahihisha kwa kalamu, akairudisha. Halafu akauliza kama tungeweza kumtolea nakala nyingine ya ukurasa unaohusu fedha za mafuta, kwa sababu kina mama wanunuzi walikuwa na kikao na manahodha Jumamosi ile, na yeye alitaka uwe mezani.